Kilo Sita na Nusu

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana najua ukiisoma umesimama utakuwa unakata kitambaa hapo hapo, na mara ya mwisho ulikata mkono wa shati la mteja kwa ajili yangu. Mimi mzima. Goti la Mama linaendeleaje? Shemeji ameshaifunga ile redio, au bado matumbo yake yametandazwa mezani? Wapwa zangu waambie mjomba wao hajavunjwa pua bado, ingawa waombaji ni wengi.

Kiwanda cha magodoro kipo na mimi nipo. Mchana kutwa nabeba magodoro, jioni nakwenda mazoezini kulazwa chini pasipo na godoro. Ndiyo maisha niliyoyachagua mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Nimeamua kupanda uzito. Miaka kumi na moja nimepigana kwenye kilo hamsini na saba, uzito wanaouita wa unyoya, na jina hilo peke yake linatosha kumtia mtu mzima aibu. Sasa nataka kupigana kwenye kilo sitini na tatu na nusu. Sababu ni kwamba huku chini wapinzani wameniishia. Usicheke, nimeiandika sentensi hiyo kwa uso mkavu kabisa.

Kumbe kupanda ni kazi. Miaka yote nilikuwa najinyima chakula ili nisizidi, nikijiambia siku nikiruhusiwa kula nitakula mpaka sahani zinikimbie. Sasa nimeruhusiwa, na mimi ndiye ninayezikimbia sahani. Nakula mara sita kwa siku. Asubuhi mayai manane, mpaka mama anayeniuzia ameuliza kama nimeoa. Nakula viazi njiani nikienda kula wali. Taya zinaniuma kuliko siku ile nilipopigwa na yule fundi bomba. Baada ya wiki tano za mateso haya mzani unasema kilo hamsini na tisa na nusu, na nikitoka chooni unasema hamsini na tisa. Kwa hiyo maendeleo yangu yote yanategemea nisiende chooni.

Pambano ni tarehe 18 Mei. Naomba unishonee bukta mpya, zile za zamani hazifungi. Kiuno sasa ni inchi thelathini na mbili. Vipimo vingine tumia vile vile.

Mdogo wako,
Kiberiti

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, na hakuna nguo iliyoumia. Mama yupo, goti lipo, kila mmoja analalamika juu ya mwenzake. Nilimsomea sehemu ya mayai tu, kwa sababu bado anaamini ngumi uliacha zamani, na alifurahi mpaka akapiga makofi. Miaka thelathini na tatu amekuwa akiomba unenepe. Shemeji yako ameifunga redio, ikawaka, ikasema neno moja, ikazima. Amefungua tena. Watoto wanakusalimu, na mkubwa anataka kujua kama mjomba anaweza kumpiga mwalimu wa hesabu.

Mimi ni yule yule. Msimu huu nashona mapazia ya ofisi, mita mia mbili za kitambaa cha rangi ya matope, na nimeyashona hivyo hivyo mpaka juzi nikajikuta nimemwekea mteja pete za pazia kwenye sketi. Nilimwambia ni mtindo mpya. Ameichukua.

Haya. Unasema kiuno kimeongezeka inchi tatu na vipimo vingine vyote vile vile. Kiberiti, nimeshona miaka kumi na tisa. Nimewashonea maharusi waliokuwa wakificha mimba, na nimemshonea askari aliyefukuzwa kazi akataka sare nyingine kabla mkewe hajajua. Mtu akiongezeka nguvu anaongezeka mapaja, kifua na mabega, na bukta yake mimi naijua. Mtu aliyeongezeka kiuno peke yake ameongeza tumbo. Maana yake unakwenda kupigana na watu wakubwa ukiwa na mwili wako ule ule, umebeba na mzigo mbele.

Mimi si mjuzi wa ngumi. Mara ya mwisho nilipokuja kukuangalia nilifumba macho kwa hofu, kumbe yalikuwa mapumziko. Lakini hesabu ya nguo naijua, na hii haijakaa sawa.

Halafu kuna jambo jingine. Wewe ukipata mafua unatuma kurasa tatu. Kuanzia Novemba mpaka Februari sikupata hata mstari mmoja. Novemba kulikuwa na nini?

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mama, na pole kwa yule mwenye sketi. Mpwa wangu mwambie walimu wa hesabu wana uzito wao peke yao na mimi siruhusiwi kuugusa.

Tumbo nakiri. Lakini ni tumbo la kazi.

Ngoja nikueleze hali ya huku juu. Kocha amenipa wa kufanya naye mazoezi, tunamwita Tofali, kilo sitini na nne na hajawahi kula yai kwa makusudi. Kule chini nilikuwa na ngumi ya kulia iliyolaza watu. Nakumbuka nilimpiga mmoja akasahau jina la mkewe, na walipomkumbusha akakataa. Ngumi ile ile nimempiga Tofali katikati ya taya, akaniuliza, "Tumeanza?" Dada, ni mtu mpole, aliuliza kwa nia njema. Kisha akanisukuma tu, hata hakupiga, nikaenda mpaka kwenye kamba nikarudi. Kule chini nilikuwa mrefu. Huku juu nawafikia begani. Kule chini nilikuwa mwepesi, na huku nimeubeba ule wali wote, kwa hiyo hata ngumi ninayoiona ikija naipokea, kwa sababu miguu inapata taarifa ikiwa imechelewa.

Lakini nitazoea. Kila mtu anazoea.

Shida iliyobaki ni moja. Mwandaaji wa pambano ameandika kwenye mkataba kwamba siku ya kupimwa nisipungue kilo sitini na moja na nusu, la sivyo hanipandishi ulingoni, kwa sababu hataki kesi ya mtu kuuawa. Nimekwama kwenye hamsini na tisa na nusu. Nusu kilo nitainywa maji. Inabaki kilo moja na nusu. Siku hiyo tunapimwa tumevaa bukta.

Unaona ninapoelekea. Vile vyuma vidogo mnavyotia kwenye pindo la pazia ili lisipeperuke, unavyo vingi sana mwaka huu. Ukivitia kwenye pindo la bukta, nani atajua? Nikishapimwa navitoa, na kesho yake napigana nikiwa mimi mwenyewe. Nani aliwahi kusikia bondia amekamatwa kwa kosa la kuvaa pazia?

Tafadhali, dada. Nikikosa hili sina pengine pa kwenda.

Mdogo wako,
Kiberiti

(Novemba nilikuwa na kazi nyingi kiwandani.)

30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Usiniulize kwa nini nimechelewa.

Bukta hiyo hapo kwenye kifurushi. Ni nyeusi, ili isionyeshe. Nimetia vyuma thelathini, kumi na tano kila mguu. Kila pindo lina uzi wake mwekundu unaotokeza kwa ndani. Ukishapimwa, vuta uzi wa kulia, pindo lote litafumuka na vyuma vitamwagika. Kisha vuta na wa kushoto. Narudia: ni nyuzi mbili, kulia na kushoto.

Nimefanya ulichoomba. Sijasema nimekubali.

Dada yako

26 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Goti la Mama vipi? Natumaini wote hamjambo, redio na watu.

Pambano limepita. Nimeshindwa kwa pointi, lakini pointi kidogo tu, pointi za kuazimana. Raundi zote nne nilisimama. Majaji walikuwa watatu, na kati yao nadhani aliyekuwa macho ni mmoja. Watu walishangilia sana, ukumbi mzima ulisimama, mpaka kuna baba mmoja alikuja kunishika mkono akaniambia nina moyo. Nilimshukuru, ingawa mtu akishinda huwa hawamwambii ana moyo, wanamwambia ameshinda.

Kwenye kupimwa mambo yalikwenda vizuri. Mpimaji aliangalia namba, akaandika, akaita mwingine. Kilo sitini na moja na gramu mia sita. Nilishuka kwenye mzani natembea kama mama mjamzito, kwa maji niliyokunywa. Nikakimbilia chooni nikavuta uzi, vyuma vikamwagika kwa kelele, na jirani wa choo cha pili akauliza kama niko salama. Nikamwambia nina tatizo la tumbo. Akavuta maji kwa heshima, akatoka.

Usoni nina uvimbe mdogo, lakini sikuwa mzuri hata kabla, kwa hiyo hasara si kubwa. Mwandiko nisamehe, kalamu mbaya. Kocha anasema nipumzike. Nimemwambia Agosti nataka tena, na safari hii nitafika kilo zile kwa mwili wangu halali. Nimeongeza yai la tisa.

Goti la Mama vipi? Msalimie sana. Wapwa zangu waambie mjomba alipigana vizuri.

Mdogo wako,
Kiberiti

9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani nitaziweka mwisho leo.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa safu ya nane, nyuma ya mwanamume mmoja mnene aliyekuwa akila karanga, na safari hii sikufumba macho. Shemeji yako nilimwambia nakwenda kutafuta vifungo. Siku nzima ya safari kwenda na siku nzima kurudi, kwa ajili ya vifungo, naye akasema sawa, ukiviona vifungo niletee na waya wa redio. Nadhani alijua. Waya nimemletea.

Nilikuja kwa sababu nilikuwa na hatia, na sasa nitaisema. Ile bukta niliishona vibaya makusudi. Nyuzi nililegeza, vyuma nikaviacha vinatokeza, kila aliyekuwa na macho angeviona. Nilishona nikafumua mara tatu, ndiyo maana nilichelewa. Nilitaka ukamatwe kwenye mzani. Nilitaka waite watu, wakucheke, wakufukuze, na wewe unichukie mwaka mzima, lakini usipande ulingoni. Nilishindwa kukwambia kwa mdomo wangu uache, nikamwachia mpimaji aseme. Kumbe wapimaji wenu hawaangalii nguo, wanaangalia namba. Miaka kumi na tisa ya kazi, na siku niliyotaka kuharibu ndiyo siku kazi yangu ilipokubaliwa.

Sasa nikwambie nilichokiona. Ulipanda ulingoni unavuta mguu wa kushoto. Nikajua hapo hapo. Ulivuta uzi mmoja, Kiberiti. Nilikuandikia mara mbili ni nyuzi viwili, naona hata mimi naandika vibaya kwa hasira, ni nyuzi mbili. Umepigana na mtu wa kilo sitini na tatu ukiwa na vyuma kumi na tano vya ofisi ya watu kwenye mguu mmoja. Raundi ya pili pindo likaachia, vikaanza kudondoka. Refa akaokota kimoja, akakigeuza, akatazama taa za juu kana kwamba kimetoka huko, akakitia mfukoni. Mwenye karanga alicheka mpaka akapaliwa.

Ulianguka mara mbili. Mara ya kwanza uliteleza, labda. Mara ya pili hukuteleza. Hakuna aliyesimama ukumbi mzima, isipokuwa mimi.

Kisha kengele ya mwisho wa raundi ya tatu ikalia, mkaachana, na wewe ukatembea taratibu kabisa mpaka kwenye kona ya mwenzako, ukakaa kwenye kiti chake. Ukafungua mdomo upewe maji. Watu wote walicheka. Walidhani ni mzaha, maana tangu ulipoingia ulikuwa unawachekesha, na maisha yako yote umekuwa hivyo. Mwenye kiti alisimama mbele yako anasubiri, kocha wako akaja akakushika mkono akakuondoa, na ukumbi ukapiga makofi.

Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kama sekunde mbili. Halafu nikaona uso wako.

Nilikusubiri nje lakini ulipotoka ukiwa umeshikwa na yule mkubwa, nadhani ndiye Tofali, ulinipita hatua tatu hukuniona. Nikashindwa kukuita. Na katika barua yako umeniuliza goti la Mama mara mbili.

Naogopa. Hilo ndilo neno nililokuwa nalizunguka tangu Februari kwa kukuletea habari za mapaja na viuno. Usiniandikie kuhusu Agosti wala kuhusu mayai. Niandikie Novemba kulikuwa na nini.

Sote wazima. Mama anakusalimu.

Dada yako

2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Najua umesubiri karibu miezi miwili. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilikuwa naijaza vichekesho mpaka nafasi inaisha.

Novemba nilikuwa natafuta kilo moja ya mwisho ili nifike hamsini na saba. Nilikuwa sijala siku mbili, sijanywa maji tangu jana yake, nimevaa koti la mvua na sweta mbili ndani, narukaruka kamba kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Nikaanguka. Nilizinduka hospitali, na jambo la kwanza nililouliza ni kama nimefika uzito. Muuguzi akasema nimefika na chenji imebaki. Daktari hakucheka. Alisema figo, alisema moyo, alisema nikijikausha tena hivyo nisije kwake, niende moja kwa moja kwa wachimba kaburi. Ndiyo hiyo habari ya wapinzani kuniishia. Mwili ulikua, dada. Miaka thelathini na tatu, nikachagua wakati huu kukua.

Kwa hiyo chini siruhusiwi kurudi, na juu nimeshindwa kufika. Nimejipima wiki iliyopita, nikila ninapoona njaa tu kama binadamu wengine, ni kilo sitini. Yaani nina uzito mzuri kabisa wa kubebea magodoro.

Usijilaumu kwa bukta. Wazo lilikuwa langu, na aliyeshindwa kuhesabu mpaka mbili ni mimi. Hata kama vyuma vyote vingetoka ningepigwa vile vile, labda kwa kasi zaidi.

Barua yako niliisoma kwenye stoo ya kiwanda, juu ya magodoro, nikaisoma tena. Kisha nikaenda kwa kocha kumwuliza. Alivua kofia, akasema ni kweli yote, na kwamba alikuwa akisubiri niseme mwenyewe. Nikamwambia basi. Leseni nimemwachia mezani. Tofali alinisindikiza mpaka nyumbani, uso ameugeuzia upande wa pili njia nzima, na kwa mtu mpole kama yule nilijua amelia.

Baada ya hapo nilikwenda kwa daktari wa kichwa, peke yangu. Alinitajia maneno matatu, akaniuliza habari za kazi kwa dakika tano, halafu akasema niyataje. Nilikumbuka moja. Nikamwambia yale mengine mawili sikuyapenda. Akaandika hata hilo. Anasema nikiacha sasa kuna matumaini, na kwamba nimwendee kila mwezi. Nakuja nyumbani mwisho wa mwezi huu. Mama nitamwambia mwenyewe, ila nitaomba ukae karibu.

Limebaki jambo moja, na hili nataka ulielewe, kwa sababu naona ulidhani nimekudanganya. Ile barua ya Mei, ile ya pointi kidogo na ukumbi kusimama, sikuitunga. Chumvi niliongeza kama kawaida, lakini mengine ni yale niliyoambiwa. Mimi nakumbuka kengele ya kwanza na ngumi moja ya kushoto. Kisha nakumbuka nimekaa kwenye benchi, viatu nimeshavuliwa, na Tofali ananimenyea chungwa. Nikamwuliza kocha vipi, akasema umeshindwa kwa pointi kidogo, umesimama raundi zote. Nikakuandikia hivyo hivyo.

Habari ya kile kiti nimeisoma kwako. Watu walicheka, nawe ulicheka, na ningekuwa nimekaa karibu na yule wa karanga ningecheka kuwashinda nyote, maana ni kichekesho kizuri, bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa makusudi. Lakini sikuwa nafanya mzaha, dada. Nilidhani ni changu.

Mdogo wako